Dakika Mbili za Gettysburg: Kwa Nini Hakuna Picha ya Lincoln Akihutubia

Tarehe 19 Novemba 1863, yapata saa nane mchana, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alisimama mbele ya umati unaokadiriwa kufika watu 15,000 katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Akasoma maneno yapatayo 272, kisha akaketi. Wapiga picha walikuwepo, kamera na dawa zao zilikuwepo, na jua lilikuwa linawaka. Hata hivyo hakuna bamba hata moja (kioo cha kupigia picha) linalojulikana ambalo linamwonyesha rais akiwa amesimama anatoa hotuba hiyo, ambayo leo wanafunzi wa dunia nzima wanaikariri kwa kile kifungu chake cha mwisho kuhusu serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hotuba ilikuwa fupi mno. Mpiga picha alikuwa bado anahangaika na kamera yake, na alipotoa kichwa kwenye kitambaa cheusi rais alikuwa ameshakaa. Ufupi wa hotuba ni sababu ya kweli, ila haitoshi peke yake. Ukifuata kazi ya bamba la kioo hatua kwa hatua na kuipangia dakika zake, unaona kwamba picha ile ingeweza kupigwa. Alihitajika mtu ambaye, dakika sita au saba kabla, angeamua kwamba rais ndiye wa kutumiwa bamba. Ratiba ya siku ile ilimwelekeza kila mtu kwingine.

Siku yenyewe ilivyopangwa

Vita vya Gettysburg, sehemu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea wa pande zote mbili, hesabu inafika karibu 51,000. Maiti wengi walifukiwa juujuu mashambani. Wakili wa mji huo, David Wills, alisimamia mpango wa kununua ardhi na kuwazika upya kwa heshima askari wa Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln. Kazi ya kuwahamisha zaidi ya askari 3,500 iliendelea hadi Machi 1864, kwa hiyo siku ya kuweka wakfu makaburi hayo hata nusu yao walikuwa hawajafikishwa.

Msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, aliyewahi kuwa gavana wa Massachusetts, mkuu wa chuo cha Harvard na waziri wa mambo ya nje. Lincoln aliletewa barua rasmi ya mwaliko ya tarehe 2 Novemba, akiombwa aseme maneno machache yanayofaa. Kwenye ratiba iliyochapishwa, sehemu ya Everett iliitwa hotuba, na sehemu ya rais iliitwa maneno ya kuweka wakfu. Kwa mpiga picha anayepanga dawa zake, tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa.

Maandamano yalitoka mjini asubuhi. Wageni wakapanda jukwaani, ukapigwa muziki, mchungaji Thomas Stockton akaomba. Everett akahutubia kwa muda wa saa mbili hivi. Kikundi cha waimbaji kutoka Baltimore kikaimba utenzi uliotungwa na Benjamin B. French kwa ajili ya siku hiyo. Ward Hill Lamon, aliyesimamia maandamano na pia alikuwa rafiki na mlinzi wa rais, akamtambulisha Lincoln. Baada ya rais kukaa kukafuata wimbo wa maombolezo na dua ya kufunga.

Utenzi ule wa French ndio unaobeba hesabu yote inayofuata.

Bamba bichi na masharti yake

Njia iliyotumika wakati ule ilikuwa ya kolodioni bichi, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Ilitoa picha kali, na bamba moja liliweza kutoa nakala nyingi. Sharti lake ni moja: bamba lipakwe dawa, lipigwe mwanga na lisafishwe kabla halijakauka. Likikauka, chumvi ya fedha inajitenga juu yake kama vumbi la kioo, dawa ya kusafishia haipenyi sawasawa, na picha inatoka na mabaka au haitoki kabisa.

Kazi inaanza na kioo kilichokatwa na kulainishwa kingo. Kinasuguliwa kwa unga laini wa jiwe uliochanganywa na spiriti hadi pumzi ikipulizwa juu yake iondoke bila kuacha alama. Alama ya kidole ikibaki, utando utabanduka baadaye majini.

Kolodioni ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki na ya salfa, ikayeyushwa kwenye mchanganyiko wa etha na alkoholi ambao kila kimoja ni karibu nusu. Ndani yake huongezwa chumvi za iodini na bromini. Fundi hushika kioo kwa kona moja kama anayeshika sinia, akamimina dimbwi katikati, akaliongoza kona hadi kona kwa kukiinamisha kioo, na tone la ziada akalirudisha chupani. Hatua hii inachukua sekunde 15 hadi 30. Kisha anangoja utando ugande kidogo kama ngozi ya maziwa. Kwenye joto ni suala la sekunde chache, na siku ya baridi ya Novemba etha hupaa polepole, kwa hiyo inafika nusu dakika au zaidi. Akiwahi, utando unachanika ndani ya dawa ya fedha. Akichelewa, kingo zinakauka na hazishiki fedha.

Bamba sasa linaingia gizani, kwenye beseni la nitreti ya fedha yenye nguvu ya asilimia 8 au 9 hivi, iliyotiwa asidi ya nitriki kidogo sana. Linakaa dakika 3 hadi 5. Dawa hii ikiwa baridi kazi inachelewa. Ikichafuliwa na vumbi, majani au mabaki ya etha kutoka mabamba yaliyotangulia, kila picha inayofuata hutoka na ukungu au vialama vyenye mikia. Mashambani, palipokanyagwa na maelfu ya watu na farasi, beseni la fedha ndilo lililomwumiza fundi kichwa kuliko kitu kingine chochote.

Likitoka, linachuruzishwa, mgongo unafutwa, linatiwa kwenye kasha lisilopitisha mwanga na kukimbizwa kwenye kamera. Kamera inakuwa imeshalengwa tayari, kwa sababu kasha likishaingia mpiga picha haoni tena kitu kwenye kioo cha nyuma. Anavuta mlango wa kasha, anavua kifuniko cha lenzi kwa mkono, anahesabu, anarudisha kifuniko. Kisha anarudi gizani mbio. Salfeti ya chuma iliyochanganywa na asidi ya asetiki na alkoholi kidogo inamwagwa kwa mkupuo mmoja juu ya bamba. Picha inajitokeza kwa sekunde 15 hadi 60, inasimamishwa kwa maji mengi, halafu fedha isiyotumika inaondolewa kwa sianidi ya potasiamu au kwa thiosalfeti ya sodiamu. Kukausha kwa moto mdogo na kupaka vanishi vinaweza kungoja.

Mapipa ya maji, hema au gari la giza, chupa za kioo na sianidi: vyote hivyo vilisafiri na mpiga picha. Hakuweza kuliacha gari lake mbali na kamera, na hilo pekee lilimfungia sehemu nyingi nzuri za kusimama.

Hesabu ya dakika

Maneno 272 yakisomwa kwa mwendo wa maneno 100 hadi 130 kwa dakika yanamalizika kati ya dakika 2 na kidogo na dakika 2 na sekunde 40. Makofi yakiingia katikati, bado ni chini ya dakika 3 au karibu nazo. Everett mwenyewe kesho yake alimwandikia Lincoln barua ya kumsifu kwa kulifikia kiini cha shughuli ndani ya dakika mbili, wakati yeye alitumia saa mbili.

Sasa mweke mpiga picha mwenye gari la giza hatua 20 kutoka kamera yake. Kumimina na kungoja utando: dakika 1. Beseni la fedha: dakika 4, kwa kuwa ni baridi. Kuchuruzisha na kutia kwenye kasha: nusu dakika. Kufika kwenye kamera na kuifunga kasha: nusu dakika hadi dakika 1. Jumla ni dakika 6 au 6 na nusu kabla kifuniko hakijavuliwa. Akianza kumimina pale Lamon anapotaja jina la rais, bamba litakuwa bado ndani ya beseni Lincoln anapokaa. Hata fundi mwepesi kuliko wote asingeweza kuzipata dakika hizo nne zilizopungua. Kwa kipimo hiki, wanaolaumu ufupi wa hotuba wana haki.

Lakini bamba lililokwisha toka kwenye beseni lina uhai. Siku ya joto kavu ni dakika 5 tu au pungufu. Siku ya baridi yenye unyevunyevu, kasha likifunikwa kitambaa chenye maji, dakika 10 zinawezekana, na waliobobea walivuta zaidi. Kwa hiyo swali la haki ni hili: je, palikuwa na ishara yoyote ya kumwambia fundi aanze sasa? Ilikuwepo, na kila mtu aliisikia. Everett alipomaliza, utenzi ulianza. Utenzi wa beti kadhaa unaoimbwa na kwaya kwa taratibu, pamoja na watu kutulia na Lamon kutambulisha, unakaribia kabisa muda wa beseni. Aliyemimina kolodioni kwaya ikisimama angefika kwenye kamera na bamba bichi rais akiwa anaanza kusoma, au sentensi chache ndani. Angepata picha moja kwa kila kamera. Ya pili isingewezekana.

Kwa hiyo dakika zilikuwepo, finyu lakini zilikuwepo, na mtu mwenye msaidizi angezitumia vizuri zaidi: mmoja anamimina, mwingine anakaa kwenye kamera akilenga.

Mwanga, umbali na mwili unaotikisika

Wanaotazama jambo hili kwa mara ya kwanza hufikiri sekunde za kufungua lenzi ndizo zilizokuwa kikwazo kikubwa. Zilikuwa kikwazo, ila si cha kwanza.

Kolodioni inaona mwanga wa buluu na miali ya urujuanimno tu. Nyekundu, njano na kijani kilichoiva kwake ni giza. Tarehe 19 Novemba, kwenye latitudo ya karibu digrii 40 kaskazini, jua la saa sita linafika digrii 31 hivi juu ya upeo wa macho, na saa nane limeshashuka hadi kama digrii 23. Mwanga wake unapita kwenye hewa nene zaidi ya mara mbili ya ile ya jua la utosini, na sehemu ya kwanza kupotea ni hiyo hiyo buluu ambayo bamba linaihitaji. Macho ya watu yanaona mchana mweupe, bamba linaona kama magharibi imekaribia.

Kwa lenzi ya mandhari iliyofungwa hadi tundu dogo la f/16 au dogo zaidi, mwanga kama huo unadai sekunde kadhaa. Kwa lenzi fupi za kamera ya sterio (yenye lenzi mbili, inayotoa picha pacha za kutazamwa kwa kina), zinazoweza kuachwa wazi zaidi, muda unashuka hadi sekunde moja au mbili, na kwenye jua kali la kiangazi hata sehemu ya sekunde. Mwaka 1859 Edward Anthony alikuwa ameshauza picha za sterio za mitaa ya New York zenye watu wanaotembea bila kufutika. Kwa hiyo si kweli kwamba teknolojia ya 1863 haikuweza kumnasa mtu aliyesimama anasoma. Kilichopunguzwa ili kupata kasi hiyo kilikuwa ukubwa wa picha.

Hapo ndipo umbali unapoingia. Chukua kamera ya bamba kubwa yenye lenzi ya milimita 200, mita 20 kutoka jukwaani. Kichwa cha mtu, sentimita 25, kitatua kwenye bamba kikiwa na milimita 2.5. Msemaji akiyumba sentimita 5 katika zile sekunde chache, alama yake inahama nusu milimita, yaani moja ya tano ya kichwa chote. Macho na mdomo vinafutika. Sasa chukua sterio ya milimita 150 kutoka mita 60: kichwa kinakuwa milimita 0.6, na kuyumba kule kule kunahamisha alama kwa kama milimita 0.1. Picha inakuwa haijatikisika, ila mtu ni mdogo kama tundu la sindano. Kwa kamera yoyote unayochagua, unalipa kwa upande mmoja.

Na mita 20 zilikuwa ndoto. Kuzunguka jukwaa kulikuwa na watu waliosimama bega kwa bega, wengi na kofia ndefu, na farasi wa wasimamizi wa maandamano. Kamera kwenye miguu yake mitatu, kwa kimo cha kifua, ingepiga migongo. Bila jukwaa la juu lililojengwa kwa ajili ya kamera, mpiga picha alilazimika kwenda mbali, mahali palipoinuka.

Nani alikuwa na sababu ya kumngojea?

Hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na husahaulika kwa sababu leo tunamjua Lincoln wa hotuba ile. Siku ile hotuba haikuwa na umaarufu wowote kwa kuwa ilikuwa haijatolewa.

Magazeti ya 1863 hayakuwa na njia ya kuchapa fotografia moja kwa moja. Picha ilibidi ichongwe kwanza kwenye mbao na mchongaji, na kwa kazi hiyo mchoro wa penseli wa msanii aliyekuwepo ulifaa vilevile, tena ulikuwa na uhuru wa kumweka msemaji katikati na kuwaondoa waliomkinga. Mwandishi wa habari hakumhitaji mpiga picha.

Mpiga picha aliishi kwa kuuza kadi: picha ndogo za nyuso za watu mashuhuri na picha za sterio za mahali na umati. Uso wa rais ulikuwa umeshapatikana. Tarehe 8 Novemba, siku 11 kabla, Lincoln alikwenda studio ya Alexander Gardner mjini Washington, akapigwa picha kadhaa akiwa ameketi, kwenye mwanga wa paa la kioo, kichwa kimetulia. Moja kati ya hizo, anayotazama mbele moja kwa moja, ni miongoni mwa picha zake bora kabisa. Baada ya kupata hiyo, biashara gani ingemsukuma Gardner kuhangaikia kichwa cha nusu milimita? Kutoka Gettysburg alichohitaji kuuza kilikuwa umati, bendera, askari waliopangwa, na lango la matofali la makaburi ya Evergreen. Hayo aliyapiga, na aliyapiga vizuri.

Bamba lililopatikana mwaka 1952

Kwa karibu miaka 90 iliaminika kwamba hakuna picha yoyote ya Lincoln akiwa Gettysburg. Mwaka 1952 Josephine Cobb, aliyesimamia picha katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, alilichunguza bamba moja la kioo lililokuwa kwenye mkusanyiko wa mpiga picha Mathew Brady. Lilionyesha kundi la watu na jukwaa kwa nyuma. Alipolikuza sehemu ya katikati, akamwona Lincoln: ameketi, bila kofia, kichwa kimeinama kidogo, na karibu naye Lamon. Wataalamu wengi wanaihesabu kazi hiyo kuwa ya David Bachrach wa Baltimore, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu.

Cobb alikadiria kwamba bamba lilipigwa yapata saa sita mchana, baada ya Lincoln kufika na kabla Everett hajapanda jukwaani, saa kadhaa kabla ya hotuba ya rais. Kwa anayejua kazi ya kolodioni, kadirio hilo linaingia mahali pake barabara. Everett alichelewa kufika. Wageni walikuwa wameketi wanangoja, hawana la kufanya. Huo ni muda ambao mpiga picha anaweza kumimina, kungoja, kubeba na kufungua bila kuogopa kupitwa na kitu, na watu walioketi hawayumbi kama waliosimama. Bamba hilo linaonyesha kile ambacho njia ile iliweza kutoa siku ile: rais mwenye uso uliotikisika kidogo, anayetambulika kwa umbo la kichwa, nywele na ndevu kuliko kwa macho yake.

Kukuza kule kuliwezekana kwa sababu ya sifa moja ya kolodioni ambayo filamu za baadaye hazikuwa nayo kwa kiwango hicho: chembe zake za fedha ni ndogo mno. Bamba la 1863 lina undani mwingi kuliko karatasi iliyochapwa kutokana nalo, ndiyo maana kinachochunguzwa ni kioo chenyewe au skani yake na si kadi za kale.

Mabamba ya Gardner na mabishano yasiyokwisha

Gardner alipiga picha za sterio za umati kutoka mbali. Zilipowekwa mtandaoni na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa skani za ubora wa juu, uwindaji ukaanza. Mwaka 2007 John Richter, mtafiti wa picha za vita hivyo, alionyesha mtu aliyepanda farasi katika mabamba mawili, mwenye kofia ndefu, akasema ni Lincoln akifika na maandamano. Mwaka 2013 Christopher Oakley, mchoraji wa katuni za filamu aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha North Carolina mjini Asheville, alipinga. Kwanza alimtambua William Seward, waziri wa mambo ya nje, kisha karibu yake akamwonyesha mtu mwingine kabisa kuwa ndiye rais. Kila upande una wataalamu unaowaunga mkono.

Anayetaka kuzipima hoja hizi mwenyewe aanze na vipimo vichache vinavyotokana na njia yenyewe ya kupiga.

Sterio ina nusu mbili zilizopigwa kwa pamoja na lenzi mbili. Kitu halisi lazima kionekane katika nusu zote, kikiwa kimesogea kidogo kulingana na umbali wake. Alama iliyo kwenye nusu moja tu ni vumbi, tone la fedha au mkwaruzo, hata ikifanana na kofia ya rais kwa uzuri gani. Kipimo hiki kinafuta madai mengi kabla hayajafika mbali.

Kipimo cha pili ni rangi. Bluu ya bendera na ya sare za Muungano hupauka kwenye kolodioni, nyekundu inakuwa nyeusi, ngozi iliyopigwa jua inakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Huwezi kusema koti ni la rangi fulani kwa kuangalia weusi wake tu. Na siku ile wasimamizi wa maandamano, waliokuwa wengi na juu ya farasi, walivaa suti nyeusi na vitambaa vyeupe vya satini begani. Mtu mwenye suti nyeusi juu ya farasi ni maelezo yanayowafaa wengi.

Kipimo cha tatu ni upande. Bamba likitazamwa upande wa dawa, kushoto na kulia vinabadilishana. Skani isiyogeuzwa inahamisha vifungo vya koti, njia ya nywele, hata ile chunjua iliyokuwa shavu la kulia la Lincoln. Kwa mtu wa milimita 0.6 chunjua haionekani, lakini vifungo na mkono uliobeba kitu vinaweza kusaidia, ikiwa tu umehakikisha bamba limegeuzwa sawa.

La nne ni muda kati ya bamba na bamba. Watafiti wanaofuatilia mtu mmoja kutoka picha moja hadi nyingine wakumbuke kwamba mpiga picha mmoja asiye na msaidizi hawezi kutoa mabamba mawili kwa pengo la chini ya dakika kadhaa. Akiwa na msaidizi na makasha mawili tayari, pengo linaweza kuwa dakika moja au mbili. Katika muda huo umati unahama, farasi wanageuka, na mtu aliyekuwa upande wa kushoto si lazima awe yule yule.

Kwa maoni yangu vipimo hivi vinatosha kukataa, na mara chache vinatosha kuthibitisha. Kichwa cha nusu milimita kilichopigwa kwa sekunde moja kinabeba umbo la kofia na mabega, pengine ndevu. Kinachobaki kinaongezwa na jicho la anayetafuta. Faida ya uhakika ya mabamba haya iko kwingine: kwa kupima pembe kati ya lango la Evergreen, uzio na umati, watafiti wameonyesha kwamba jukwaa lilikuwa ndani ya makaburi ya Evergreen ya raia, ng'ambo ya uzio, wala halikuwa mahali ambapo wageni walionyeshwa kwa miaka mingi.

Washington, 4 Machi 1865

Kinachothibitisha kwamba tatizo la Gettysburg lilikuwa maandalizi zaidi ya kemikali ni picha iliyopigwa na Gardner huyo huyo miezi 15 na nusu baadaye. Lincoln alikuwa anaapishwa kwa muhula wa pili, upande wa mashariki wa jengo la Bunge. Kolodioni ilikuwa ile ile, kasi ile ile, rais yule yule. Katika bamba lile anaonekana amesimama, karatasi mkononi, watu wamemzunguka, na anatambulika bila mabishano. Ni picha pekee inayojulikana ya Lincoln akitoa hotuba.

Tofauti zilikuwa nne. Mahali pa kusimama msemaji palijulikana tangu siku za nyuma, penye meza ndogo ya chuma, kwa hiyo lenzi iliweza kulengwa mapema. Kamera iliwekwa juu ya vichwa vya umati. Makamu wa rais Andrew Johnson aliapishwa kwanza ndani, kisha wageni wote wakatoka nje kwa mpangilio, na msafara huo ulimpa fundi muda wa kutosha wa beseni la fedha. Na hotuba, ingawa nayo ni fupi, ina maneno kama 700, yaani dakika 6 au 7, ambazo zinatosha kwa bamba lililochelewa kidogo, na kwa mwenye msaidizi hata bamba la pili. Asubuhi ilikuwa ya mvua na matope. Jua likatoka rais alipojitokeza kuhutubia.